Kujitafakari na Kupanga Malengo ya Maisha: Mwongozo wa Siku Kumi kwa Anayeanza

Maswali ya anayetaka kupanga maisha yake ni yaleyale kila mara. Nianze wapi? Niandike malengo mangapi? Mbona mipango yangu haivuki mwezi wa pili? Na mtu anayelipwa kwa siku atapangaje mwaka mzima? Mwongozo huu unayajibu kwa utaratibu mmoja unaoweza kuufuata ukiwa Kayole, Kawangware au Kilimani, hapa Nairobi. Unachukua siku kumi, na muda wenyewe wa kuketi na kuandika hauzidi saa sita.

Watu wengi huanza kwa kuandika wanachotamani. Hapa tunaanza kwa kuangalia pesa zako na saa zako zilikwenda wapi, kisha ndipo tunauliza unataka nini. Matamanio hubadilika kila ukikutana na mtu aliyekuzidi, lakini taarifa ya M-Pesa haikupendelei wala haikuonei. Lengo lililojengwa bila kuitazama huwa halina pa kusimama, hata likiandikwa kwa maneno mazuri kiasi gani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja la kurasa 96 au zaidi. Kaunta buku ni nzuri kwa sababu jalada lake gumu linavumilia kubebwa kwenye mkoba ndani ya matatu. Usiandikie kwenye simu: ujumbe mmoja ukiingia, kikao kimekwisha.
- Kalamu mbili za rangi tofauti.
- Taarifa ya M-Pesa ya miezi 3 iliyopita, pamoja na ya benki au SACCO kama unazo.
- Kalenda ya mwaka uliyotia alama tarehe za kufungua shule, mzunguko wako wa chama (kikundi cha kuchangiana pesa), na siku ya mshahara.
- Vikao 3 vya dakika 90 kila kimoja.

Kuhusu wakati wa kuanza: epuka Januari. Najua ndio mwezi ambao kila mtu huandika malengo, lakini kwa mwenye watoto ni mwezi wa karo, sare na vitabu, na mwaka wenyewe umefunguliwa na mfuko uliochoka kwa sikukuu. Si bure ukaitwa Njaanuari. Ukipanga ukiwa na njaa, utaandika malengo ya kuikimbia njaa tu. Wiki ya kwanza baada ya mshahara, katika mwezi usio na kufungua shule, ndiyo nzuri zaidi.

Hatua ya 1. Panga vikao na mahali

Kikao cha kwanza kiwe Ijumaa jioni. Siku saba zinazofuata utakuwa ukiandika saa zako. Kikao cha pili kiwe Jumamosi ya wiki hiyo ya pili, na cha tatu kesho yake Jumapili. Kama unafanya kazi Jumamosi, sogeza siku, ila vikao viwili vya mwisho vifuatane.

Kama mnaishi chumba kimoja na watoto, hutapata utulivu saa mbili usiku, kwa hiyo usijidanganye. Nenda Maktaba ya Taifa kule Upper Hill, au keti kwenye benchi katika bustani ya Arboretum ukiwa umeulizia ada ya kuingia, au ubaki kanisani au msikitini ibada ikiisha. Zima data. Mwambie mtu mmoja nyumbani utarudi saa ngapi ili usipigiwe simu kila baada ya dakika kumi.

Hatua ya 2. Kikao cha kwanza: pesa

Omba taarifa kupitia programu ya M-Pesa, au piga *334# uingie sehemu ya akaunti yako. Ukiomba ya barua pepe, huja kama faili ya PDF iliyofungwa, na unahitaji nambari ya siri kuifungua. Fanya hivi siku moja kabla ya kikao, kwani kupambana na faili isiyofunguka kunaweza kukumalizia dakika 90 zote.

Kila mstari wa pesa zilizotoka uupe kundi moja kati ya haya: kodi ya nyumba, stima na maji, chakula, nauli, pesa za kutuma nyumbani na kwa ukoo, madeni na gharama zake, chama na akiba, na la mwisho, "sikumbuki". Jumlisha kila kundi, kisha gawanya kwa 3 upate wastani wa mwezi.

Yapo mambo mawili yanayowapotosha wengi hapa. La kwanza ni Fuliza, huduma ya M-Pesa inayokukopesha salio lisipotosha. Ikikujazia salio, kiasi hicho huonekana kwenye safu ya Paid In (pesa zilizoingia), na ukikijumlisha na mapato utajiona una kipato ambacho huna. Kitoe. Vivyo hivyo pesa ulizotoa M-Shwari: hizo ni akiba au mkopo wako, wala hazikuingia kutoka kazini. Mistari iliyoandikwa OD Loan Repayment ni marejesho ya Fuliza. Iweke kwenye madeni. La pili ni pesa taslimu. Ukitoa shilingi 3,000 kwa wakala, taarifa inaonyesha mstari mmoja tu, na yaliyofuata haiyajui. Kwa wiki hii inayokuja, kila ukilipa taslimu, andika.

Tuchukue mfano wa mtu anayepata shilingi 38,000 kwa mwezi na anaishi mtaa wa Umoja. Kodi 9,000, stima na maji 1,500, chakula 9,500, nauli 200 kwa siku 26 yaani 5,200, nyumbani 4,000, chama 2,000, madeni ya mikopo ya kwenye simu na ada zake 3,100, na sikumbuki 3,700. Jumla ni 38,000 kamili. Mtu huyu akiulizwa atasema hana hata shilingi ya kuanzia jambo jipya, na ukimtazama mfukoni amesema kweli. Lakini kundi la madeni na lile la sikumbuki kwa pamoja ni 6,800, zaidi ya nauli yake ya mwezi mzima.

Usianze kujilaumu wala kukata matumizi leo. Kazi ya kikao hiki ni kuona tu. Ukianza kurekebisha kabla ya kumaliza kuona, utakata vilivyo rahisi kukata, kama chai ya saa nne, na kuacha vinavyokula kwa kimya.

Hatua ya 3. Siku saba za kuandika saa

Wiki ina saa 168 kwa kila mtu. Gawanya kurasa 7, moja kwa kila siku, na uandike mara tatu tu: wakati wa chakula cha mchana, ukifika nyumbani, na kabla ya kulala. Maneno machache yanatosha: "saa 11 hadi 1 jioni, ndani ya matatu Jogoo Road". Usingoje Jumapili ujaze wiki nzima kwa kukumbuka. Kumbukumbu hukupa wiki unayotaka kuwa nayo.

Kwa mtu wetu wa Umoja inaweza kutoka hivi: kazi saa 54, njiani 18, usingizi 49, kazi za nyumbani 14, ibada na familia 8, simu 17, mengine 8. Hesabu ya simu usiikisie. Simu nyingi za kisasa zina sehemu kwenye mipangilio inayoonyesha umeitumia kwa muda gani kila siku, na kwa programu ipi. Soma hapo.

Saa za njiani nazo uzitazame kwa makini. Ukisimama umebanwa kwenye basi, hizo si saa za kusoma, na mpango unaozitegemea utavunjika wiki ya kwanza. Ukiwa unapata kiti kwenye kituo cha kwanza, hadithi ni nyingine.

Hatua ya 4. Kikao cha pili: maswali

Sasa ndipo kujitafakari kwenyewe. Andika swali juu ya ukurasa, weka saa dakika 12, na uandike bila kusimama wala kufuta. Maswali ni haya:

a) Katika miezi 3 iliyopita, ni siku gani nilirudi nyumbani nimechoka lakini nimeridhika? Nilikuwa nikifanya nini, na nani?

b) Ni jambo gani limenikera kila mwezi, mwezi baada ya mwezi?

c) Ni ahadi gani nimejipa zaidi ya mara mbili na sikuitimiza? Siku ile niliyoiacha, nini hasa kilitokea?

d) Ni nani wananitegemea, na nimewaahidi nini kwa kinywa changu?

e) Jumanne ya kawaida, miaka 3 kutoka leo, itakuwaje?

Angalia kwamba hakuna "kwa nini" hata moja. Ukijiuliza "kwa nini sikumaliza kozi ile", utapata lawama au kisingizio. Ukijiuliza "nini kilitokea wiki niliyoacha", utapata jambo lenye tarehe: zamu ilibadilishwa, mtoto aliugua, darasa lilihamia mjini na nauli ikapanda. Hayo yanaweza kupangiwa. Lawama haipangiki.

Swali la mwisho ndilo lenye uzito, basi lipe dakika 25. Andika siku hiyo kuanzia kuamka hadi kulala. Unaamka saa ngapi, na katika nyumba ya namna gani? Unasikia nini nje? Unatoka kwenda wapi, kwa miguu au kwa matatu? Saa nne asubuhi mikono yako imeshika nini? Unakula mchana na nani? Ukifika jioni, nani yuko mezani, na simu inalia kwa sababu ya nani? Iwe Jumanne hasa. Jumapili na sikukuu kila mtu anajua kuzipamba.

Faida yake ni kufichua malengo ya kuazima. Nairobi imejaa malengo ya kuazima. Mwenzako kazini amenunua ploti Joska, mwingine Kitengela, binti wa jirani amekwenda Qatar, kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja limejaa picha za mahafali ya shahada ya pili. Hakuna ubaya wowote katika ploti, safari au shahada. Ubaya ni pale unapobeba deni la miaka minne kwa ajili ya kitu ambacho hakimo hata katika mstari mmoja wa Jumanne yako. Chukua kalamu ya rangi ya pili, soma ulichoandika, na upige mstari chini ya kila kitu ambacho leo huna. Mara nyingi vinavyopigiwa mstari ni vidogo kuliko matangazo ya barabarani: kufika nyumbani kabla mtoto hajalala, kazi ya mikono inayoheshimika, chumba cha pili, kutodaiwa na mtu. Yaheshimu hayo. Ndiyo malengo yako.

Kosa la kawaida: kuandika ukijua mtu atasoma. Kama unahofia daftari litafunguliwa, andika kurasa hizi kwenye karatasi tofauti, toa ulichopigia mstari, kisha uzichane.

Lala usiku mmoja kabla ya kikao cha tatu. Unachokiona asubuhi bado kina nguvu ndicho cha kuchukua.

Hatua ya 5. Kikao cha tatu: chagua moja

Orodhesha vyote ulivyopigia mstari. Vikiwa zaidi ya kumi, unganisha vinavyofanana. Kisha kila kimoja kipitishe kwenye maswali matatu. Je, sehemu kubwa yake iko mikononi mwangu, au inangoja mtu mwingine aamue? Pesa zake na saa zake zinatoka kundi gani katika hesabu yangu? Je, ningelifanya hata kama hakuna atakayejua?

Kilichopita maswali yote ndicho lengo la wiki 12 zijazo. Kimoja. Vingine viandike ukurasa wa mwisho wa daftari, vingoje zamu yao. Watu hubishia hatua hii kuliko zote, na naelewa, maana mahitaji hayaji moja moja. Lakini mtu mwenye saa 54 za kazi na 18 za njiani ana nafasi ya jambo moja jipya, na ukweli huo haubadiliki kwa kuwa na hamu.

Kama kundi la madeni limezidi kundi la akiba, anza na madeni, hata kama halikusisimui. Fuliza ina ada ya kila siku, na pesa ikiingia hukatwa kabla hujaigusa, kwa hiyo lengo lingine lolote litakuwa likinyang'anywa mtaji kila wiki. Deni la 9,600 kwa wiki 12 ni shilingi 800 kwa wiki.

Hatua ya 6. Lipe kipimo, siku na saa

Tuseme mtu wetu wa Umoja amemaliza madeni na anataka kuwa fundi wa umeme anayetambulika. Sentensi hiyo haijawa lengo. Lengo ni hili: "Kufikia Ijumaa ya wiki ya 12, nitakuwa nimefanya saa 48 za kusoma na mazoezi ya kufunga nyaya, nimeweka shilingi 6,000, na nimejiandikisha kwa mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), Gredi ya 3." Kisha aligawe:

- Saa: 4 kwa wiki. Jumanne na Alhamisi saa 2 hadi 3 usiku, kusoma. Jumapili saa 8 hadi 10 alasiri, mazoezi chini ya fundi mtaani. Zinatoka kwenye zile 17 za simu.
- Pesa: 500 kwa wiki, zinatoka kundi la sikumbuki.
- Kitendo cha kwanza: kesho, saa ya chakula cha mchana, kuulizia ada na tarehe za usajili. Ikigundulika ada inazidi 6,000, wiki zinaongezwa. Mkopo wa simu hauingii hapa kabisa.

Andika lako kwa mtindo huu. Kila sehemu iwe na nambari au saa, na kitendo cha kwanza kiwe kinachowezekana ndani ya saa 24 kwa dakika zisizozidi 30. Pesa zihamishe siku ileile ya kulipwa, kabla ya matumizi mengine, ziende mahali pasipo karibu na kidole chako: SACCO, au akiba iliyofungwa kwa muda.

Hatua ya 7. Pangia vizuizi mapema

Mwaka 1999 mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alieleza kwamba anayeamua mapema "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi" hutekeleza zaidi kuliko mwenye nia peke yake. Nadharia inatosha hapo. Rudi kwenye jibu lako la swali (c), maana ndilo linaloonyesha ulikwama wapi, na uandike mistari 4 hadi 6 ya namna hii:

- Mvua ikinyesha jioni na nikafika baada ya saa 3 usiku, nitasoma dakika 15 kabla ya kulala, na saa iliyobaki nitaifidia Jumamosi. Mstari huu ni wa lazima kwa anayeanza kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, au Oktoba hadi Desemba.
- Stima ikipotea, nitafanya mazoezi ya kuchora kwa taa ya kuchaji.
- Nikiongezwa kwenye kundi la mchango wa harusi au matanga, nitatoa kwenye fungu la michango la mwezi, shilingi 1,000. Likiisha, nitasema mwezi ujao.
- Nikipigiwa simu kutoka nyumbani kuhusu pesa, nitajibu, "Mama, nipe hadi jioni nikuambie nina ngapi," kisha nitazame daftari kabla ya kutuma.

Huo wa mwisho ndio wa kuufanyia mazoezi kwa sauti. Hakuna anayekuambia umnyime mama. Unachojipa ni saa chache za kuamua ukiwa umetulia, na yeye anapata jibu la kweli badala ya ahadi unayoikopea.

Hatua ya 8. Mapitio

Kila Jumapili jioni, dakika 20. Nilifanya saa ngapi kati ya zilizopangwa? Niliweka ngapi? Nini kilinizuia, na je, kilikuwa kwenye orodha ya vizuizi? Wiki ijayo nabadilisha kitu gani kimoja? Mwisho wa wiki ya 4 na ya 8, rudia hesabu ya M-Pesa kwa mwezi huo tu. Wiki ya 12, rudi kwenye Jumanne yako na uisome upya kabla ya kuchagua lengo la pili.

Mwambie mtu mmoja anayeweza kukuuliza Jumapili umefika wapi bila kukucheka. Ukiwa na mke au mume, na lengo linagusa pesa za nyumba, huyo ndiye wa kwanza kujua, tena kabla ya kitendo cha kwanza. Usilitangaze kwenye kundi. Pongezi za mapema hukupa raha ya kazi ambayo bado hujaifanya.

Mambo yakikwama

Kipato hakina mpangilio. Kwa mwendesha boda boda, mama mboga au mtu wa kibarua, andika mapato ya wiki 8 zilizopita na uchukue wiki iliyokuwa mbaya zaidi. Panga akiba kwa kiwango cha wiki hiyo. Wiki ikizidi, nusu ya ziada iende kwenye lengo, nusu utumie.

Umeandika kurasa kumi na huoni lengo. Kwa kawaida umeandika juu ya watu wengine: bosi, mume, serikali. Rudia swali (a) peke yake, na kila sentensi ianze na kitendo chako: "nilishona", "nilifundisha", "nilipika".

Umeacha wiki mbili au tatu. Usijaribu kulipa saa ulizokosa. Anza tena kwa nusu ya kiwango kwa wiki 2, kisha urudi kamili. Ukiacha mara ya pili kwa sababu ileile, tatizo liko kwenye siku au saa uliyochagua, ibadilishe.

Unafikia saa zote lakini huoni matokeo. Kipimo chako kinahesabu kukaa tu. Weka kitu kinachoonekana: soketi 5 zilizofungwa na kukaguliwa na fundi, kurasa 30 zilizofanyiwa maswali, wateja 3 waliolipa.

Mwenzako anasema unapoteza muda. Mwonyeshe ukurasa wa hesabu ya pesa kwanza, ule wa Jumanne baadaye. Mwombe aandike Jumanne yake pia, kisha mlinganishe. Zikitofautiana sana, lengo la wiki 12 lisimame hadi mzungumze.

Ukikaa kutafakari unazidi kusononeka. Kuandika kunaweza kuamsha mambo mazito, kama msiba au kupoteza kazi. Funga daftari, usiandike usiku, na uongee na mtu unayemwamini. Usingizi ukipotea kwa zaidi ya wiki 2, au mawazo ya kujidhuru yakija hata mara moja, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu uombe mshauri siku hiyohiyo. Daftari lingoje.